Mzigo Alioachiwa Zuhura

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, mkanilisha keki, mkanipiga picha nikiwa nimefumba macho. Halafu mmoja wenu akanifuata mpaka getini akasema, "Mama, yale mambo ya kazini usiondoke nayo. Tuandikie basi." Haya, nimeandika. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaoulalamikia nyie. Nitawaandikia zaidi habari za mtoto mmoja wa Tandale, kwa sababu kila mnaponiuliza nimejifunza nini miaka yote hii, huyo ndiye anayenijia kichwani, na mpaka leo sijamaliza kumfikiria.

Niliripoti ofisi ya ustawi wa jamii Kinondoni nikiwa na cheti kipya, blauzi iliyopigwa pasi ikanyooka, na viatu vya kisigino. Nikaelekezwa kwa Bi Rukia, afisa mkongwe, mwanamke wa pwani hasa, ambaye ukoo wao upo hapa tangu mji haujawa mji. Akanitazama kuanzia kichwani. Alipofika miguuni akaguna. "Hivyo vitunze vya harusi," akasema. "Kesho njoo na yeboyebo. Na kiti chako ni kile pale, ila usikiegemee." Nikadhani ananitania, nikakiegemea. Utumishi wangu wa umma ulianzia sakafuni.

Nyie mna vishikwambi na dodoso za kurasa nyingi. Bi Rukia kitendea kazi chake kilikuwa ungo. Msinicheke, nasema kweli. Kila tulipokwenda kumtembelea mtoto nyumbani alibeba kikapu, ndani yake ungo na mchele kidogo uliofungwa kwenye kitambaa. Akifika hamwiti mtoto, hamhoji. Anatandika khanga chini, anaanza kuchambua mchele, halafu anasema, "Ebu njoo unisaidie, macho yangu haya hayaoni vijiwe." Mtoto anakaa, anainamisha kichwa, vidole vinafanya kazi. Baada ya muda anaanza kusema mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatumii maswali tuliyofundishwa chuoni. "Mtoto ukimkazia macho anakupa jibu unalolitaka," akasema. "Mie nataka lake." Mchele aliuacha nyumba ile ile, wala sikumsikia akiutaja ofisini.

Alikuwa na maswali yake mawili, nayo hakumuuliza mtoto, alijiuliza mwenyewe tukiwa njiani kurudi. Shida hii ina mwisho? Na katika shida hii, mtoto ana mtu? Nilimwona akiwatoa watoto kwenye nyumba zenye friji na makochi, na kuwaacha wengine kwenye chumba kimoja cha mabati, na mwanzoni nilidhani uzee umemwingia. Nilikuwa mtoto wa juzi, nimesoma, najua kila kitu.

Zuhura aliletwa kwetu na barua ya shule. Alikuwa kidato cha pili, anasinzia darasani, anachelewa, na mwalimu wa zamu ameshamchoka. Tukaenda kwao Tandale, nyuma ya soko, chumba na sebule ya kupanga. Wazazi wake walitoka Newala. Baba alishafariki zamani. Mama yake, Bi Hadija, alikuwa na genge la vitunguu, nyanya na viazi, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kulia. Sasa alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo umepinda kidogo, anaelewa kila kitu na kusema nusu. Aliyekuwa anaamka alfajiri kwenda kuchukua mzigo sokoni ni Zuhura. Aliyekuwa anamwogesha mama, anampikia uji, anakimbilia shule, anarudi kufungua genge, ni yeye. Mwili mwembamba, sketi ya shule imefungwa kwa pini, na mdomo mrefu. Nilipomwambia pole akanijibu, "Pole ya nini, mama? Kwani mie ndo ninaumwa?"

Alikuwepo na shangazi yake, Mwajuma, amekuja kutoka Goba. Na hapa niwe mkweli kwake, kwa sababu watu hupenda kisa chenye shangazi mbaya. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na nyumba yenye ukuta na geti kule kilimani, hana mtoto mdogo, na moyo wake ulikuwa unauma kweli. Alitaka amchukue Zuhura siku ileile. Mgonjwa arudishwe Newala kwa dada zake. "Mtoto ale, alale, asome," akasema, machozi yanamtoka. "Hii ni dhambi, jamani. Mtoto wa kaka yangu kuuza viazi kama hana ndugu!" Mimi nilikuwa nimeshakubali. Kichwani nilikuwa nimeshaandika ripoti yote.

Bi Rukia akatandika khanga yake. Zuhura akakaa, wakaanza kuchambua. Halafu mtoto akasema, kichwa kimeinama, "Genge silichukii. Kule sokoni wananijuaga, wananiita bosi. Mie nikiwa darasani ndo naumwa. Nakuwa nawaza, nikirudi nitamkuta mama au nitamkuta vipi. Hesabu zenyewe sizioni ubaoni." Bi Rukia akaendelea kutoa vijiwe. "Na somo yako nani?" akauliza. Zuhura akazidi kuinama kwenye ungo, ikabidi shangazi yake ndiye atueleze.

Kwa wale wenu mlioletwa mjini na basi la juzi, niwaeleze. Msichana wa kwetu akivunja ungo anapewa somo, mwanamke wa kumfunda, ambaye si mama yake wala shangazi yake. Anamfunda utu uzima, na tangu siku hiyo huyo ni wake mpaka kufa. Kuna neno huwezi kumwambia mama, unamwambia somo. Zuhura alikuwa amefundwa mwaka uliotangulia, kwa ngoma kabisa, na somo yake alikuwa Bi Saada, mpika vitumbua, mlango wa tatu kutoka pale. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu Bi Hadija augue. Unajua kwa nini? Sare! Siku ya kumtoa mwali, Bi Hadija aliwanunulia mashoga zake khanga za sare, na ya Bi Saada ikaletwa ya rangi nyingine. Ilikuwa bahati mbaya ya duka. Bi Saada akaona amedhalilishwa mbele za watu, wakarushiana maneno, wakanuniana. Mwanamke amepooza, mtoto anazama, na pale mlango wa tatu kuna mtu mzima mwenye afya anakaanga vitumbua na kinyongo chake. Lakini tuseme ukweli, nani kati yetu hajawahi kuona udugu ukivunjika kwa sababu ya sare?

Bi Rukia akajifunga khanga, akaenda. Mimi nyuma yake. Bi Saada hakuinua macho kwenye kikaango. "Mie siendi nyumba nisiyoitwa," akasema.

"Na mwali wako anakuita."

"Ameniita lini? Hajafungua mdomo."

"Hawezi kukuita kwa mdomo, anamwonea mama yake aibu. Anakuita kwa kulala darasani. Ukitaka aje na sahani ya ubani na magoti chini, basi subiri, huo ubani utautia kwenye msiba wa mama yake."

Bi Saada akainua macho. Akasema hayo ni maneno makali. Bi Rukia akasema ndiyo, ni makali. Baada ya hapo yule mama akaepua kikaango, akatoka vilevile na mikono yake ya unga, anatukana njia nzima: anamtukana Bi Hadija, anaitukana sare, anamtukana muuza khanga wa Kariakoo na ukoo wake. Akaingia ndani bila hodi. Akamkuta mgonjwa mkekani, akasimama. "Hadija," akasema, "ndo umekuwa hivi, na hukuniambia?" Bi Hadija akaanza kulia kwa nusu ya uso. Sie tukatoka nje.

Njiani nikamwambia Bi Rukia, sawa, wamepatana, lakini mtoto si aende Goba? Akasema, "Ukimpeleka Goba utamtoa kwenye uchovu, utamtia kwenye woga. Mama yuko Newala, yeye yuko nyuma ya geti anakula wali, hajui kama simu ikilia ni ya msiba. Huo mzigo hana mahali pa kuushika. Viazi anavijua." Basi ndivyo tulivyopanga. Bi Saada alimwogesha mgonjwa na kukaa naye saa za shule. Mzigo wa alfajiri ukapewa kijana wa mkokoteni wa mtaa huohuo. Genge likabaki la Zuhura, jioni tu, na Jumamosi. Mkuu wetu alikataa, akasema nchi haiwezi kuacha mtoto auze viazi kwa idhini ya serikali. Bi Rukia akabishana naye mpaka chai ikapoa. Mwisho akakubali kwa sharti kwamba mimi niende kumwangalia kila wiki, na nikiona hali mbaya aondolewe.

Nilikwenda. Shangazi Mwajuma alitununia, lakini kila mwisho wa mwezi alileta unga na mafuta, anashusha mlangoni anaondoka. Kuna siku nilimkuta Zuhura amelala juu ya gunia la viazi, mchana kweupe, daftari la hesabu kifuani. Moyo ukanipasuka. Nikamwamsha, nikamwambia imetosha, kesho namwita shangazi. Akakaa, akajifuta udenda. "Mama, usinitoe," akasema. "Nimechoka, ni kweli. Lakini najua ninachokichokea. Na leo mama amesimama. Bi Saada alimshika, akasimama." Niliandika kwamba aendelee, na usiku ule sikulala vizuri. Bi Hadija alikuja kutembea kwa mkongojo, akaishi miaka mingi baada ya hapo, akigombana na Bi Saada kila siku ya Mungu.

Miaka ya mwishomwisho, mlipokuwa mmeshaanza kuingia nyie, tulipelekwa semina. Mwezeshaji alikuwa kijana mpole mwenye kompyuta, akatuambia wataalamu wanaona kwamba msongo wa wastani katika umri wa kubalehe huenda ukamjengea mtu uwezo wa kustahimili majanga ya ukubwani. Alisema "huenda" na alisema "wa wastani", na nilimpenda kwa maneno hayo mawili. Lakini wakati wa chai nikawasikia wakubwa wenzangu wanasema, "Si ndo hayo! Sie tulichapwa, tukalala njaa, mbona tumekuwa watu?" Nikakasirika mpaka andazi likanishinda. Niliwahi kumwona mvulana wa Manzese aliyepigwa na baba wa kambo tangu darasa la tano. Shida yake haikuwa na mwisho na hakuwa na mtu. Majirani walikuwa wanasema anakomaa. Hakukomaa. Alikuja kuwa mtu mzima anayeruka mlango ukibamizwa, hawezi kazi, hawezi mke, na sisi tulifika tumeshachelewa. Kwa hiyo mtu akikwambia mateso yanamjenga mtoto, muulize mateso gani, na nani alikuwa amekaa pembeni yake.

Mvua ya masika, miaka michache kabla sijastaafu, ilishuka kama ilivyoshuka. Zuhura alikuwa mke wa mtu, fundi muashi, wamepanga bondeni, wana watoto wawili: Tatu, binti mkubwa, na Idi, aliyekuwa ndo anaanza chekechea. Mama yake alishatangulia. Bi Saada naye tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla ya hapo. Ukuta wa nyumba uliloa tangu jana yake. Asubuhi, wakati Zuhura ametoka kuchota maji mlango wa pili na Tatu yuko uani, ukuta wa chumbani ukaanguka. Idi alikuwa bado amelala humo.

Nilipangiwa kwenda kwenye shule walikohifadhiwa waathirika. Nikamkuta kwenye dawati, amekaa wima, mikono mapajani. Akaniamkia, "Shikamoo mama," kama tumekutana sokoni. Kina mama waliokuwa pale wakaanza kunieleza, mbele yake, kwamba huyu ni jasiri, huyu amezoea shida tangu mtoto. Zuhura akageuka. "Hakuna anayezoea hili," akasema. "Msiniambie nimezoea." Nikakaa kwenye dawati lake, nikakaa mpaka jioni.

Shangazi Mwajuma ndiye aliyekuja kuwachukua. Alikuwa mzee sasa, anatembea kwa shida. Akawapa nyumba ya uani kule Goba, vyumba viwili vyenye sakafu kavu. Hakusema "nilikwambia". Alininong'oneza tu, "Safari hii mniachie." Nikamwambia, safari hii tunakuachia, dada, na Mungu akulipe.

Niliendelea kwenda, mwanzoni kwa kazi, baadaye kwa mapenzi. Mmetarajia niwaambie kwamba Zuhura alisimama kwa sababu ya lile genge. Sijui. Nilichokiona ni kwamba arobaini ilipopita alianza kuamka, akafagia, akaomba kazi ya kushona mashuka ya hoteli. Siku mbaya alilala chini na kuuma khanga. Kesho yake alifagia. Mara moja nikamuuliza, kwa uoga, kama yale ya Tandale yamemsaidia chochote. Akafikiri. "Kule nilijua tu kwamba siku ikiwa mbaya inapita, na mie nipo," akasema. "Hili halipiti. Lakini naona mie bado nipo." Akaongeza, "Ila ungenipa kuchagua, mama, ningechagua mwanangu, niwe dhaifu mpaka kufa."

Kitu kimoja alishindwa, nacho kilikuwa mvua. Wingu likikusanyika alimfungia Tatu ndani. Shule iko kilima cha pili. Kati yake na nyumba kuna korongo lenye kivuko cha mbao. Siku za mvua Tatu hakwenda shule, akawa amerudi nyuma sana, na mwalimu mkuu alishasema akikosa mtihani wa kidato cha pili atarudia darasa. Tatu mwenyewe aliniambia, "Bibi, mie naogopa pia. Lakini mama akinishika naogopa zaidi." Nilimfikishia Zuhura maneno yale jinsi yalivyo, bila kuongeza. Akalia sana. Kisha wakaanza kufanya mazoezi, mama na mtoto: siku za jua mama anamsindikiza mpaka kivukoni, baadaye nusu ya njia tu, mwisho anaishia geti la nyumbani na Tatu anakwenda peke yake.

Nilikuwa nimeshastaafu ile vuli. Asubuhi ya mtihani wa kwanza nilikwenda Goba, na tangu naamka mawingu yalikuwa chini. Nilipofika manyunyu yalikuwa yameanza. Tatu amesimama getini na mwavuli na rula yake. Mumewe Zuhura akasema atampeleka. Tatu akamtazama mama yake, si baba. Zuhura akatazama mawingu. "Aende," akasema. "Aende mwenyewe kama tulivyofanya. Pitia upande wenye majani, kule kwingine panateleza." Akamfunga kifungo cha shingo ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Kutoka pale getini unamwona mtu mpaka anapoanza kuteremkia korongoni. Halafu humwoni, mpaka atokeze kule ng'ambo, kwenye njia ya shule. Tulisimama mvuani tukamwangalia Tatu na mwavuli wake, akapungua, akapungua, akazama chini. Zuhura akashika nondo za geti. Niliona miguu yake inataka kukimbia.

"Mama," akasema bila kunitazama, "zungumza na mie. Zungumza chochote mpaka atokeze."

Nikaanza kumsimulia habari za jirani yangu na kuku wake. Kuku amepanda juu ya dari, jirani amepanda kumfuata, ngazi imeanguka, jirani amebaki juu anamwita mumewe ambaye ni kiziwi. Kisa chenyewe hakina kichwa wala miguu, nilikuwa natunga na kusimulia hapohapo. Mvua ikaongezeka. Kule ng'ambo njia ilikuwa tupu. Nikasita.

"Endelea," akasema Zuhura. Nikaendelea.